Majina wanayaona, watu wenyewe hawawajui

Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nafundisha watoto huku Hombolo, wengi wana miaka 9 hadi 13. Tangu mwaka jana natumia mafumbo ya maneno. Nachora mraba uliojaa herufi kwenye manila, watoto wanatafuta majina ya watu na miji ya kwenye Biblia. Wanayapenda na wanamaliza haraka. Lakini nikiwauliza Boazi alikuwa nani, au Yeriko iko upande gani, kimya. Mzee mmoja wa kanisa ameshaniambia huu ni mchezo tu, niwape mistari wakariri. Je, napoteza muda wao? Printa sina, na Biblia za darasa ni sita tu."

Marahaba, mwalimu, na mbukwa kwa wote huko Hombolo.

Kimya hicho nakijua. Nimefundisha maarifa ya Biblia hapa Dodoma miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilifanya hivyo hivyo: mraba, orodha ya majina pembeni, watoto wanazungushia duara, tunapiga makofi, tunaagana. Watoto hawana kosa. Tumewapa kazi ya macho, nao wameifanya kwa macho. Anayetafuta YERIKO kwenye mraba anatafuta Y iliyofuatwa na E, basi. Ungemwandikia neno la Kichina kwa herufi zetu angelipata kwa kasi ile ile. Katika kazi yote hiyo hakuna mahali alipolazimika kukutana na mtu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema: futa ile orodha ya majina. Mraba ubaki, orodha iondoke, na mahali pake weka vidokezo. Mtoto asome kidokezo, afungue Biblia, apate jina, ndipo aje kulitafuta kwenye herufi. Mraba utakuwa wa kuhakikishia jibu tu. Kazi yenyewe itakuwa imekwisha kufanyika kwenye kurasa za Biblia.

Ukishafanya hivyo, uzito wote wa somo unahamia kwenye kidokezo, na hapo ndipo walimu wengi tunapokwama. Chukua huyo huyo Boazi. Kidokezo cha haraka kitakuwa "Mume wa Ruthu, herufi tano." Anayejua ataandika, asiyejua atanakili kwa jirani, na wote wawili watatoka darasani walivyoingia. Sasa jaribu hiki: "Mwenye shamba wa Bethlehemu. Aliwaambia wavunaji wake waache masuke makusudi, mjane mgeni apate kuokota. Ruthu 2." Hapo kuna tendo na kuna mahali, na vyote viwili mtoto wako anavifahamu tangu nyumbani. Huko Hombolo nani hajaona watu wakipita shambani kuokota masalia baada ya mtama au uwele kuvunwa?

Ukifika hapo usikimbilie kidokezo kinachofuata. Sura hiyo hiyo inasema Ruthu alipopura alivyookota alipata kama efa moja ya shayiri. Kwa hesabu inayotumiwa na wengi, efa ni takriban lita 22, yaani debe limejaa na kuzidi kidogo. Mwaka mmoja nilibeba debe tupu nikaliweka katikati ya darasa, nikauliza nani anaweza kulijaza kwa siku moja kwa kuokota masuke yaliyodondoka. Walilitazama. Binti mmoja wa darasa la nne akasema, "Labda mwenye shamba awe amependa." Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa amemjua Boazi kabla hajaliandika jina lake.

Majina ya mahali yanafundishika kwa njia hiyo hiyo, tena kwetu ni rahisi zaidi, maana hapa kila mtoto amesikia habari ya tembo aliyekwama topeni akadidimia, na kwamba kutokana na neno la Kigogo idodomya mji wetu ukaitwa Dodoma. Anza na hilo. Mtoto akishaona kwamba jina la mji linaweza kubeba kisa, atakuelewa ukimwambia Betheli maana yake nyumba ya Mungu, kwamba zamani paliitwa Luzu, na kwamba aliyepabadilisha jina ni kijana aliyekimbia kwao akalala hapo na jiwe chini ya kichwa. Atakuelewa ukimwambia Mara ni uchungu, kwa ajili ya maji yaliyowashinda Waisraeli kunywa. Bethlehemu ni nyumba ya mkate, na kitabu cha Ruthu kinaanza kwa njaa iliyowafukuza watu kutoka katika nyumba hiyo ya mkate mpaka Moabu. Watoto wa mkoa huu hawahitaji kuelezwa maana ya mwaka ambao mvua imekataa. Wape kidokezo hicho na uwaachie nafasi ya kusema ya kwao.

Halafu kuna zabibu. Ninyi mnaoishi kati ya mashamba ya mizabibu mna utajiri ambao walimu wa mikoa mingine hawana. "Bonde ambalo wapelelezi walikata kishada, wakakichukua watu wawili kwa mti." Jibu ni Eshkoli, Hesabu 13. Mtoto anayejua uzito wa kishada kimoja cha kwao atasimama kidogo hapo. "Alikataa kumuuzia mfalme shamba lake la mizabibu kwa kuwa ni urithi wa baba zake." Huyo ni Nabothi, na mji ni Yezreeli, 1 Wafalme 21. Nimewahi kukitumia kidokezo hiki kwa wazazi, si watoto, na mazungumzo yalikwenda mpaka jua linazama.

Umesema Biblia ziko sita. Kabla hujachora chochote, ziweke mezani uangalie kama zote ni tafsiri moja, kwa sababu hapa mimi niliumiza mtoto. Nilikuwa nimechora fumbo la kujaza, la miraba inayokatizana, na kidokezo kilimhusu mfalme aliyejenga hekalu Yerusalemu. Kijana mmoja akaandika SOLOMONI. Nikamwekea kosa, maana mimi nilitaka SULEMANI. Akanijia na Biblia yake mkononi, kidole kiko kwenye mstari: Solomoni. Alikuwa na tafsiri ya Habari Njema, mimi nilikuwa na tafsiri ya Union. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, lakini najua alivyokaa dakika zile kabla hajainuka.

Hesabu herufi uone jinsi mtego wenyewe ulivyojificha. Sulemani ni nane, Solomoni ni nane. Ibrahimu ni nane, Abrahamu ni nane. Rumi ni nne, Roma ni nne. Yote yanaingia kwenye visanduku vile vile, kwa hiyo mtoto hawezi kushtuka mpaka neno jingine lilikatize. Sababu ya tofauti hizi ni kwamba majina mengi ya kale tuliyapokea kupitia Kiarabu, ndiyo maana Ibrahimu, Sulemani, Yusufu na Ayubu wa Union ya mwaka 1952 wanafanana na majina ya majirani zetu Waislamu. Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, ilisogeza baadhi ya majina karibu zaidi na matamshi ya lugha za asili za Biblia. Waeleze watoto hivyo. Mtoto mwenye rafiki aitwaye Sulemani atafurahi kujua kwamba ni jina la mfalme yule yule.

Lakini tazama tena majina hayo mawili mawili. Kinachobadilika ni nini? Irabu tu. S, L, M na N za Sulemani zimekaa mahali pale pale katika Solomoni. B, R, H na M za Ibrahimu hazikusogea. Hapo nilipata kanuni ambayo sijaiacha mpaka leo: maneno yakatizane kwenye konsonanti. Ukikatizanisha kwenye konsonanti, mtoto wa Union na mtoto wa Habari Njema wote watafika salama. Kuna faida nyingine pia. Majina yetu ya Kiswahili yamejaa A, I na U, na karibu yote yanaishia na irabu. Ukimpa mtoto A ya katikati hujampa msaada wowote. Ukimpa Z au TH umempa njia.

Mfano wa kuanzia Jumapili ijayo. Andika BETHLEHEMU mlalo, herufi kumi. Kutoka kwenye B ya kwanza, BOAZI anashuka wima. Kwenye kisanduku cha nne kuna H: hapo RUTHU anapita akitokea juu, H yake ni ya nne, na U ya mwisho inabaki chini ya mstari. Kwenye kisanduku cha tisa kuna M: MOABU inaning'inia hapo. Maneno manne, makutano matatu, yote kwenye konsonanti. Kila herufi ikae kwenye kisanduku chake, hata ile T na ile H zinazosomwa pamoja, ukiwaambia watoto tangu mwanzo. Hii haihitaji printa. Ubao na chaki vinatosha, au daftari la hesabu lenye miraba, mtoto mmoja ananakili kwa ajili ya kundi zima.

Na kama utaendelea na ule mraba wa kutafuta maneno, angalia herufi za kujazia. Watu huchukua programu za simu zilizotengenezwa kwa Kiingereza, mraba unajaa Q, X na C zilizokaa peke yake. Kiswahili hakina Q wala X, na C haitembei bila H. Mtoto mwerevu anazifuta zote kwa macho na majina yanabaki yamesimama wazi. Jazia kwa mkono: A nyingi, I, U, M, N, K, S. Mraba wa 12 kwa 12 na majina manane unatosha kwa rika lako, yaende kulia na kushuka chini tu. Kuyaandika kinyumenyume ni kuwachosha macho bila kuwaongezea neno.

Sasa Yeriko. Jedwali la herufi haliwezi kumwonyesha mtoto mahali mji ulipo, hata ufanyeje. Kwa hiyo kila fumbo lenye jina la mji naliunganisha na ardhi. Toka nao nje, chini ya mti. Chora kwa majivu: juu, upande wa kaskazini, Bahari ya Galilaya, chini, kusini, Bahari ya Chumvi, Yordani inateremka kutoka ile ya juu kwenda ile ya chini. Weka mawe: Nazareti magharibi ya Galilaya, Kapernaumu ufukweni, Samaria katikati, Yerusalemu magharibi ya ncha ya kaskazini ya Bahari ya Chumvi, Bethlehemu kusini yake kidogo, Yeriko karibu na Yordani inapokaribia kuingia baharini. Usihangaike na vipimo kamili. Kisha soma kidokezo, na mtoto mwenye jibu atembee akasimame kwenye jiwe lake.

Waulize kwa nini Luka 10 inasema yule mtu wa mfano wa Msamaria mwema, aliyevamiwa na wanyang'anyi, alishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Watoto wengi husoma neno hilo bila kuliona. Yerusalemu iko takriban mita 750 juu ya usawa wa bahari, Yeriko iko mita 250 hivi chini ya usawa huo. Ni mteremko wa mita 1,000 katika njia ya kama kilomita 27, pungufu kuliko kutoka kwenu Hombolo mpaka mjini. Njia kavu, ya mawe na makorongo, mahali pazuri pa mnyang'anyi kujificha. Mtoto aliyetembea kutoka jiwe hadi jiwe akiwa ameinama, kwa sababu umemwambia njia inateremka, hasahau tena Yeriko iko wapi.

Na Zakayo, yule mtu mfupi aliyepanda mti ili amwone Yesu, ni wa mji huo huo. Mkuyu aliopanda ni mti ule ule tunaouita mkuyu hapa kwetu, si jina lililokopwa. Kama kuna mmoja kando ya korongo huko kwenu, wapeleke wakaushike. Matawi yake huanzia chini, mtu mfupi anaweza kupanda. Fumbo la siku hiyo lianzie hapo hapo chini ya mti.

Kidokezo kingine ninachokipenda: "Maji mamoja, majina manne." Bahari ya Galilaya ndiyo Ziwa la Genesareti la Luka 5, ndiyo Bahari ya Tiberia ya Yohana 21, ndiyo Kinerethi ya Hesabu 34. Ni ziwa la maji baridi, urefu kama kilomita 21, na wavuvi wake walivua samaki wa kuliwa nyumbani kama wanaovuliwa kwenye bwawa lenu. Watoto wakipata majina yote manne wameshafungua vitabu vitatu.

Upande wa pili kuna jina moja lenye watu wengi. Anania wako watatu katika Matendo peke yake: aliyemdanganya Petro, aliyemwekea Sauli mikono huko Damasko, na kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe kinywani. Antiokia ziko mbili, Bethania mbili, Kaisaria mbili. Kidokezo cha aina hii kisipotaja sura kinamwonea mtoto.

Niseme pia juu ya kuandika vidokezo kwa kumbukumbu. Usifanye hivyo, mwalimu, hata kama umezaliwa kanisani. Tunabeba vichwani mambo ambayo Maandiko hayakuyasema. Mathayo 2 haisemi mamajusi walikuwa watatu. Kitabu cha Yona kinasema samaki mkubwa, hakisemi nyangumi. Waamuzi 16 inasema Delila alimlaza Samsoni magotini, akaita mtu, vishungi saba vikanyolewa. Na Sauli hakubadilishiwa jina njiani kwenda Damasko. Jina Paulo linatajwa kwanza katika Matendo 13, akiwa Kipro. Kidokezo chenye kosa kinakaa kichwani mwa mtoto miaka 40. Fungua sura, soma, ndipo uandike.

Yule mzee wa kanisa mjibu kwa heshima, tena kwa Biblia. Samsoni aliwategea Wafilisti kitendawili kwenye karamu ya arusi yake huko Timna. Malkia wa Sheba alimjia Sulemani amjaribu kwa maswali ya fumbo. Zaburi ya 119 imepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania, herufi 22, kila herufi mistari minane, jumla mistari 176. Yeremia 25 inamtaja mfalme wa Sheshaki, na Sheshaki ni Babeli iliyofichwa: ukichukua alfabeti ya Kiebrania ukabadilisha herufi ya kwanza kwa ya mwisho, ya pili kwa ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo, konsonanti za Babeli zinageuka kuwa za Sheshaki. Mwambie pia kwamba kukariri mistari hujaacha. Mtoto aliyetafuta jibu katika Ruthu 2 mara tatu anaukariri mstari ule vizuri zaidi, kwa sababu aliuhitaji.

Kwa Biblia sita gawa makundi sita, kila kundi sura yake, msomaji mzuri mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Usishindanishe kasi. Nimeona mashindano ya nani wa kwanza yakimfanya mtoto anayesoma polepole aache kufungua kitabu kabisa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha mwende nje kwenye mawe.

Baada ya Jumapili nne au tano, wakabidhi chaki. Kila kundi lichague mtu mmoja na mji mmoja, liandike kidokezo kwa ajili ya kundi jingine, bila kutaja jina na bila kuongeza lisiloandikwa. Hapo utajua kama wamejifunza. Hapa kwangu kundi moja la watoto watatu lilibishana karibu nusu saa juu ya Naomi. Mmoja alitaka waandike "mama mkwe wa Ruthu". Mwingine akasema hapana, hiyo ni rahisi mno, na halafu haisemi alikuwaje. Walirudi kwenye sura ya kwanza, wakasoma tena, wakafuta mara mbili, na mwishowe wakaandika ubaoni kwa mwandiko uliopinda: "Aliondoka Bethlehemu ana mume na watoto wawili wa kiume, akarudi hana hata mmoja, akasema msiniite jina langu."